Mkatie Kipande Chake

Kwa karibu wiki mbili mwanangu alikuwa akisema "oga", nami nikawa nampeleka kuoga. Namvua nguo, namketisha kwenye beseni, yeye analia na kujipinda huku mkono wake umeelekea mlangoni. Ilikuwa Aprili, mvua haikatiki, nguo hazikauki, na kila kumwogesha bila sababu kuliongeza taulo lingine bichi kwenye kamba niliyofunga sebuleni. Mama yangu ndiye aliyefumbua. Asubuhi moja alimwacha atangulie, akamfuata polepole mpaka nyuma ya nyumba, akamkuta amechuchumaa mbele ya mmea unaotambaa juu ya jalala letu la jivu na maganda. "Oga," mtoto akasema, akaweka kiganja juu ya jani.

Mama akaniita. "Njoo uone unavyomwonea mwenzio. Anasema boga. Anataka kutazama boga lake, wewe unamwogesha."

Tunaishi Morogoro, mji kasoro bahari, sehemu ambayo ukifungua dirisha la nyuma unatazamana na Uluguru. Wakati wa masika, tangu Machi hadi Mei, kuna siku milima haionekani kabisa. Unaona ukuta mweupe tu na unasikia maji. Mwanzoni mwa Machi dada aliyekuwa akinisaidia aliomba ruhusa aende kwao kumsaidia mama yake kupanda. Nilimpa nauli na kumtakia heri, kwa sababu shamba halimngoji mtu. Mume wangu ni dereva, anaweza kukaa njiani siku nne au tano. Nikabaki na cherehani langu, jiko, kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane ambaye akishajua kutembea hataki tena kubebwa.

Nilikuwa na mpango wa bustani. Masika mboga hupanda bei sokoni kwetu, maana nyingi hushuka kutoka Mgeta na barabara za milimani zinaharibika kwa mvua. Nilinunua pakiti ya mbegu za mchicha karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu, nikaomba samadi ya mbuzi kwa jirani, nikasema nitalima mtoto akilala mchana. Akilala, mvua inaanza. Mvua ikikata, ameamka. Nikajaribu kumfungia ndani na katuni kwenye simu, nikawa nalima namsikia anapiga mlango kwa kiganja. Sikumaliza hata tuta moja. Siku ile nilirudi ndani na matope yangu, nikakaa naye sakafuni, nikalia.

Mama alishuka kutoka Matombo mwishoni mwa Machi kuja kutibiwa goti. Alipanga kukaa siku kumi, akakaa wiki saba, goti lenyewe na hali ya barabara vikiwa sababu. Mtoto wangu amebeba jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo Mama humwita "mume wangu", naye anaitika. Ukiwasikia asubuhi utafikiri ni wazee wawili wa nyumba moja. "Mume wangu, umeamkaje? Mbona hujaniulizia hali ya goti?" Mtoto anamwekea mkono kwenye goti.

Siku ya pili ya kukaa kwetu aliniona namtoa mtoto jikoni kwa mara ya sita. Hakuniambia kitu mbele yake. Usiku, mtoto akiwa amelala, akasema: "Usimwondoe. Kazi mkatie kipande chake, kama unavyomkatia mkate."

Nilimjibu kwamba hana kipande anachoweza. Mama akanyamaza, akavuta khanga yake, akaenda kulala.

Kesho yake alitandika mkeka barazani, akaweka ungo wa matembele tuliyoyanunua, akamketisha mtoto mbele yake, akampa sufuria ndogo tupu. Yeye anachuma jani kutoka kwenye kikonyo, anamwonyesha, analiweka kwenye sufuria. Mtoto akachukua kikonyo akakiweka kwenye sufuria, jani akalitupa chini. Mama akasema "Asante, mume wangu," akaendelea. Baada ya muda, mchanganyiko wa sufuria ile ulikuwa nusu majani na nusu takataka, na mchambuaji wake ametulia kama fundi wa saa. Nilimaliza kushona begi zima la shule. Begi zima! Kisha Mama akamimina sufuria ile, akaichambua upya kwa dakika mbili, tukapika.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa nikihesabu msaada wa mtoto kwa majani mangapi yamechambuka. Mama alikuwa akihesabu kwa namna nyingine: mtoto yupo, ametulia, mikono yake ina kitu, na mimi ninafanya kazi yangu nikimwona.

Bustani tuliianza upya kwa utaratibu huo. Mama alinifundisha kuinua matuta zaidi ya nilivyozoea, kwa sababu maji ya masika yakituama siku mbili mizizi ya mchicha inaoza, na kuyapanga yakatane na mteremko ili mvua isichukue udongo. Mimi nalima, mtoto ana kijiko chake cha uji na shimo lake pembeni. Shimo lile lilikuwa mali yake. Alilichimba, akalifukia, akalichimba tena. Jongoo wa masika walipoanza kutoka, alikuwa akiwangoja hapo, akimgusa mmoja kwa ncha ya kidole na kumwona anajikunja. Udongo alikula pia, nisifiche. Nilikuwa nikimzuia kwa kelele mwanzoni, baadaye nikajifunza kumpa kipande cha ndizi mdomoni kabla hatujatoka na kumnawisha kwa sabuni tukiingia. Juni, siku yake ya kliniki, alipewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, kama wanavyopewa watoto wa umri wake kila baada ya miezi sita, nami nilishukuru kwa yote mawili.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kama vumbi jeusi. Mama alizichanganya na mchanga mkavu mkono mmoja kwa mikono kadhaa ili zisiangukie mahali pamoja, akanionyesha kuzipitisha juu ya mstari na kuzifunika kidogo tu. Juu yake tukaweka nyasi kavu, maana matone ya Aprili yanapiga ardhi kwa nguvu, yanafukua kila kitu. Kipande cha mtoto kilikuwa kubeba kopo la mchanga. Alilibeba vizuri hatua tano, akaligeuza lote mahali pamoja, pembeni mwa tuta la pili.

Baada ya siku tano nyasi tulipoziondoa, matuta yote yalikuwa na mistari ya kijani iliyochipua hapa na pale, na pale alipomwaga yeye palikuwa na zulia. Sikuwa nimeona miche imebanana hivyo. Nilitaka kuifyeka. Mama akasema hapo ndipo tutakapokula kwanza. Kila jioni tulipunguza miche kidogo, tukianzia katikati, tukaipeleka yote jikoni na mizizi imekatwa. Mingine tukaihamishia mahali palipokuwa na mapengo. Kwa hiyo kabla wiki ya tatu haijaisha, wakati mchicha wa mstari bado ulikuwa na majani manne, tulishakula mchicha mchanga mara mbili, laini usiohitaji hata kutafunwa. Mtoto alijua ni wapi unatoka. Alikuwa akiniongoza hadi pale, anavuta mche mmoja, anauangalia mzizi, anauleta.

Sitasema kwamba kwa sababu aliupanda basi aliupenda. Siku ya kwanza alilamba mboga ile, akaitema juu ya mkeka, akanitazama. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Mama hakumlazimisha wala hakumbembeleza. Alimwekea kidogo pembeni ya ugali, yeye mwenyewe akala, akamsifu jirani kwa samadi yake nzuri. Siku iliyofuata vilevile. Nadhani ilikuwa mara ya tano au ya sita mtoto alipochukua tonge lenye mboga, akalimeza, akafungua mkono kuomba jingine, kana kwamba ndiyo desturi yake tangu azaliwe.

Mboga aliyoipenda bila mjadala ni majani ya maboga ya karanga, na hii naieleza kwa urefu kwa sababu ni ya masika hasa. Chuma ncha za mtambao na majani matatu au manne ya karibu na ncha. Ya chini yamekomaa na yanakwaruza koo. Kuchuma ncha hakuharibu mmea, kunafanya utoe matawi ya pembeni. Vunja mwisho wa kikonyo, ushike uzi unaochomoza, uuvute kuelekea kwenye jani, utoke mrefu mpaka juu. Kazi ya kuvuta uzi ni tamu kwa mtoto. Mimi navunja, namwachia ncha, yeye anavuta na kucheka uzi unapoachia. Osha kabla ya kukata, kata nyembamba, chemsha kwa maji kidogo na chumvi. Maua unaweza kuyatia pia. Pembeni kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga, kisha karanga zilizokaangwa, zikapepetwa maganda na kusagwa laini, zilizokorogwa kwa maji ya uvuguvugu. Punguza moto na usiondoke, karanga hushika chini haraka. Ziive mpaka ile harufu ya ubichi iishe na mafuta yaanze kuonekana juu. Karanga nzima nyumbani kwetu zinakaa kwenye rafu ya juu. Mtoto mdogo anaweza kupaliwa na karanga moja tu. Zilizosagwa ndizo chakula chake.

Jiko lenyewe tulilihamisha. Mkaa wa masika ni mbichi, unatoa moshi na kurusha cheche, kwa hiyo nilikuwa nikipika barazani kwenye jiko lililokaa sakafuni, usawa wa mikono yake. Mama alilikataa siku ya kwanza tu. Tukabana matumizi mengine, tukajaza mtungi wa gesi, jiko likapanda juu ya meza, vishikio vya sufuria vikageuzwa ukutani. Mbuzi ya kukunia nazi nayo ikaning'inizwa. Kumkatia mtoto kipande cha kazi maana yake ni kwamba kipande kingine hapewi kabisa, na ni juu yako kukiweka mbali kabla hajakifikia. Hilo nililijua kichwani. Nilikuja kulijua vizuri zaidi tarehe ambayo sitaisahau.

Tulikuwa tukikinga maji ya mvua kwenye bati. Chini ya mfereji palikuwa na diaba, na diaba likijaa namimina kwenye pipa lenye kifuniko. Siku ile Mama alikuwa amejilaza kwa sababu ya goti. Mimi nilikuwa tuta la tatu nikichuma, mtoto nyuma yangu na kijiko chake, namsikia anagonga. Kisha sikumsikia. Nilijiambia nimalizie shina hili moja. Nikalimaliza, nikageuka.

Alikuwa ameinama kwenye diaba, tumbo juu ya ukingo, miguu yote miwili imeacha ardhi, uso ndani ya maji. Hakukuwa na sauti. Hakupiga maji wala hakulia. Sikumbuki nilivyofika. Nilimvuta kwa nguo ya mgongoni, akakohoa, akatapika maji, kisha akalia, na kilio kile ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Kijiko chake kilikuwa chini ya diaba. Alikuwa anakifuata.

Tulimkimbiza zahanati, akasikilizwa kifua, tukaambiwa tumwangalie usiku kucha, akaamka salama. Nesi alinieleza kwamba kichwa cha mtoto wa umri ule ni kizito kuliko nguvu za mikono yake. Akiinama kwenye ndoo hawezi kujirudisha, na maji ya ndoo tu yanatosha. Alinieleza pia kwamba huzama kimya. Mimi nilikuwa nimeishi miaka yote nikiamini nitasikia.

Nawaambia akina mama wenzangu: mwaga, au funika, au weka juu. Ndoo ya kufulia, diaba la mvua, beseni la kuogea, yote. Na mtoto akinyamaza, acha shina lako, geuka.

Mama hakunilaumu hata neno moja. Siku iliyofuata alichukua kopo la maziwa ya unga, akalitoboa matundu chini kwa msumari, akalifunga kamba. Tangu siku hiyo mtoto alikuwa na maji yake ya kazi: namchotea kutoka kwenye pipa, yeye anaipeleka mvua yake kwenye mchicha ambao ulishalowa tangu alfajiri. Hakuna mche uliohitaji maji yale. Lakini aliacha kuyafuata maji, kwa sababu alikuwa nayo mkononi, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikimchotea.

Baada ya tukio lile nilipita uwanja mzima nikiwa nimepiga magoti, nione vitu anavyoviona yeye. Nyuma ya choo palikuwa na mnyonyo uliojiotea, wenye vishada vya miiba na mbegu zake zenye madoa mazuri. Mbegu zile ni sumu kali, chache tu zinaweza kumuua mtoto. Tuliung'oa na kuokota mbegu zilizodondoka moja moja. Mihogo mitatu ya uzioni tuliiacha, ila nikaizungushia matawi, kwa kuwa alikuwa amefika umri wa kutafuna kila jani analoona tunalila. Kisamvu kibichi kina sumu. Ndiyo maana kinatwangwa mpaka kilainike kabisa na kuchemshwa muda mrefu chungu kikiwa wazi, sumu ipande na mvuke. Mama alipokitwanga kwenye kinu, mume wake alisimama hatua tatu pembeni na kijiti chake, akitwanga ardhi kwa mapigo yaleyale. Twaa, twaa. Bibi akipumzika, naye anapumzika na kujifuta jasho lisilokuwepo.

Boga nalo lilikuwa na shida yake. Lilichanua sana mwisho wa Aprili, lakini maboga machanga yalikuwa yakigeuka njano na kudondoka yakiwa na ukubwa wa limau. Nilidhani ni wadudu. Mama akasema nyuki hawajatoka siku ngapi? Kweli, mvua ilikuwa ikinyesha kila asubuhi, na maua ya boga hufunguka alfajiri na kujifunga kabla jua halijawa kali. Akanionyesha ua dume, lenye kikonyo chembamba, na ua jike, lenye kiboga kidogo chini yake. Unachuma dume, unalibandua petali, unaligusisha katikati ya jike. Tukawa tunatoka saa kumi na mbili na nusu, mtoto amevaa sweta juu ya nguo za kulalia. Mimi nashikilia ua jike, yeye anapakapaka dume lake. Pua yake ilikuwa ya njano mwezi mzima. Kati ya maua tuliyoyagusa, manne yalishika, na moja ndilo hasa alilolitembelea kila siku, akiliwekea kiganja na kusema jina lake.

Katikati ya Mei Mama alirudi Matombo. Alifunga mbegu za mchicha kwenye ncha ya khanga. Stendi mtoto alikataa kupungia gari mkono. Jioni alipita vyumba vyote, akafungua mlango wa chumba alicholala bibi yake, akaufunga.

Boga lilikomaa mwisho wa Juni, kipupwe kimeanza, kikonyo chake kimekauka na ukucha haupenyi ganda. Nilikuwa nimeogopa siku ya kulichuma, kwa namna alivyolipenda. Nilimpa kazi ya kushika upande mmoja tulipolibeba, ingawa uzito wote ulikuwa wangu. Nililikata juu ya mkeka, nusu nikaichemsha kwa nazi na chumvi kidogo, nusu nikampelekea jirani wa samadi. Kilichokuwa ndani alikitoa yeye, kwa mikono yote miwili, mpaka kwenye viwiko. Mbegu tuliziosha, tukazipaka jivu, tukazianika juani kwenye ungo.

Kuku wa jirani waliziona mara moja. Nilimwambia, "Baba, linda mbegu za Bibi." Akaleta kiti chake kidogo, akakaa na kijiti kile cha kutwangia. Simu ilipoita alikuwa bado yuko pale. Mama aliuliza mume wake yuko wapi, nikamwekea simu sikioni. Akasikiliza kwa muda mrefu. Kuku mmoja akasogea, akamwinulia kijiti, akasema "Shii!" kwenye simu, halafu akainama kuzihesabu mbegu kwa kidole, kimyakimya, sauti ya bibi yake ikiendelea kumsalimia.